Kura Yako na Mshirika Usiyemjua

Kila uchaguzi unapokaribia hutokea watu wenye huruma nyingi juu ya kura ya mwenzao. Hukufuata sokoni, huketi ubavuni pako katika matatu, na mara nyingine hukungoja nje ya kanisa au msikiti, na neno lao ni moja: usiipoteze kura yako. Maana ya neno hilo si kwamba uitunze kura, bali umpe yule ambaye wao wamekwisha mhesabu kuwa mshindi. Mimi nimelisikia tangu nilipopata haki ya kupiga kura, wala sikumbuki hata mara moja nililoambiwa na mtu asiyekuwa na mgombea wake mfukoni.

Shauri hilo ni dhaifu siku zote. Udhaifu wake huzidi pale ambapo hakuna chama kimoja kinachotazamiwa kupata wingi wa viti, na hali hiyo si ngeni duniani wala si ngeni kwetu. Katika Bunge la Afrika Kusini mna viti 400. Chama chenye viti 201 kinaweza kupitisha sheria bila ya kumwomba mtu. Chama chenye 159 hakiwezi. Mwezi wa Mei 2024 ANC, kilichokuwa na wingi tangu 1994, kilipata 159. Mwezi uliofuata kikaingia serikalini pamoja na DA, mpinzani wake wa miaka mingi, na vyama vingine vidogo. Basi watu waliokipigia kura ANC ili kuizuia DA, na watu walioipigia kura DA ili kukiondoa ANC, waliamka wote wakiwa wameweka serikali moja. Sisemi kwamba serikali hiyo ilikuwa mbaya. Nasema kwamba aliyempa kura mshindi, na aliyempa mpinzani wa mshindi, wote wawili walipata jambo ambalo hawakuliomba.

Katika hali kama hiyo kura ina safari mbili. Safari ya kwanza ni kutoka mkononi mwako mpaka sandukuni. Safari hiyo ina walinzi: pana taa, pana muhuri, pana mawakala wa kila chama, pana wino juu ya kidole chako, na pana sheria ya kumfunga mtu atakayekuibia. Safari ya pili ni kutoka sandukuni mpaka chumba cha mapatano, ambamo wakubwa wa vyama huketi kuhesabu nani ana viti vingapi na nani apewe wizara gani. Safari hiyo ya pili haina wakala wako. Mlango wake hufungwa. Nasi, kwa ajabu kubwa, twakesha tukiilinda safari ya kwanza, hata watu wengine wakapoteza maisha yao kwa ajili yake, na ile ya pili twaiachia bahati.

Watu wa kwetu wanajua kazi ya mshenga. Kijana akitaka kuoa, mshenga hutumwa nyumba fulani, kwa binti fulani, na kwa mahari yenye mpaka. Mshenga anaweza kupunguziwa au kuongezewa kidogo. Anaweza kurudi akasema posa imekataliwa, turudi tena baada ya mavuno. Lakini ni mshenga wa namna gani atumwaye nyumba ya mashariki, kisha arudi jioni na kusema kwamba nikahi imekwisha fungwa katika nyumba ya magharibi, na kwamba yeye mwenyewe amepewa shamba kwa taabu yake? Mji mzima ungemcheka kijana na kumfukuza mshenga. Katika siasa mambo huwa kinyume: mshenga hupigiwa vigelegele, na kijana huambiwa kwamba haelewi mambo makubwa.

Nataka nikupeleke Zanzibar ya mwaka 1961, kwa sababu sijui mfano ulio karibu nasi zaidi wala ulio wazi kuliko huo. Mwezi wa Januari mwaka huo palikuwa na uchaguzi wa wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Vyama vilikuwa vitatu. Afro-Shirazi Party kilipata viti 10. Chama cha ZNP, ambacho wengi walikiita Hizbu, kilipata viti 9. Cha tatu kilikuwa ZPPP cha Sheikh Mohammed Shamte, kilichozaliwa mwaka 1959 kwa kujitenga na Afro-Shirazi, na nguvu zake nyingi zilikuwa Pemba. Hicho kilipata viti 3. Tisa hazifiki nusu ya ishirini na mbili. Kumi nazo hazizidi nusu. Wenye tatu ndio waliokuwa na ufunguo.

Sasa jiweke mahali pa mtu wa Pemba aliyekipigia kura chama cha tatu. Alikuwa na sababu zake. Labda hakuridhika na Afro-Shirazi, na labda hakumwamini Hizbu pia, na kwa hiyo akachagua njia yake mwenyewe. Je, aliwatuma wajumbe wake waende wapi kama njia yake haikutosha? Hakuna aliyemwuliza. Kura zilipohesabiwa, hata wajumbe wenyewe hawakukubaliana juu ya jibu: Shamte na mwenzake mmoja walikwenda upande wa Hizbu, na Ali Sharif akaenda upande wa Afro-Shirazi. Pande zote mbili zikawa na 11. Nchi ikakaa bila ya serikali ya kudumu, ikawekwa ya muda, kikaongezwa kiti kimoja ili sare isitokee tena, na watu wakaitwa kupiga kura upya mwezi wa Juni.

Zingatia jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha maneno yangu. Chama chenye watu watatu kiligawanyika kwa sababu swali lililo kubwa kuliko yote katika uchaguzi ule halikuulizwa kabla ya uchaguzi. Lingeulizwa Desemba, mpiga kura angelijua. Na kama wakubwa wa chama hawakuwa na jibu moja, hilo pia angelijua, nalo ni elimu kubwa.

Mwezi wa Juni mambo yalikuwa wazi zaidi. ZPPP na Hizbu waliingia uchaguzini wakiwa wamekwisha patana, na kila mtu alijua kwamba kura kwa mmoja ni kura kwa wote wawili. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 10, na ZPPP 3. Shamte, mwenye viti 3 katika 23, akawa Waziri Kiongozi. Sitaki kukudanganya kwamba uwazi huo uliiletea nchi amani. Siku ile ile ya kupiga kura, tarehe 1 Juni, palizuka fujo, na watu 68 wakauawa. Mwezi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, yapata asilimia 54, lakini viti 13 tu katika 31. Hizbu na ZPPP, wenye 12 na 6, wakashika serikali, uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, na mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Magonjwa ya Zanzibar ya siku zile yalikuwa mengi: rangi, ardhi, utumwa uliokuwa haujasahauliwa, na mipaka ya majimbo. Uwazi wa vyama ni dawa ya ugonjwa mmoja tu. Lakini mgonjwa mwenye magonjwa matano hanyimwi dawa ya mmoja kwa kuwa minne itabaki.

Kabla sijaondoka Zanzibar, nina neno la kando kwa wale wasemao kwamba kura moja si kitu. Katika uchaguzi wa Januari 1961, Afro-Shirazi walikipata kiti cha Chake Chake kwa kuzidi kura moja. Moja! Kiti hicho kingalikwenda kwa Hizbu, hesabu ya kumi na moja kwa kumi na moja isingalikuwapo, wala uchaguzi wa Juni usingalihitajika kwa ajili yake. Mtu fulani wa Chake Chake, ambaye jina lake hatutalijua kamwe, alitembea kwenda kituoni siku ile badala ya kukaa barazani kwake. Wengine ambao hawatajulikana vile vile walikaa barazani.

Hapa wanasiasa watanipinga, na pingamizi lao si la kipuuzi. Nitalieleza kwa haki. Watasema: hatuwezi kutaja mshirika kabla ya kura, kwa sababu hatujui kila mmoja atapata viti vingapi, na tukitaja mapema, twapoteza nguvu ya kupatana, kwa kuwa mshirika akijua kwamba hatuna mahali pengine pa kwenda, atatupa makombo.

Nusu ya kwanza ni kweli. Hakuna ajuaye hesabu ya kesho. Lakini simwombi mtu anitabirie hesabu. Namwomba aniambie mambo ambayo yako mkononi mwake leo: ni nani hatakwenda naye kwa hali yoyote, ni ahadi gani hataiuza hata akipewa nusu ya wizara, na ni nani atakayekata shauri, yeye peke yake na wapambe wake, au mkutano wa wanachama. Mambo hayo hayahitaji mnajimu. Ama nusu ya pili ya pingamizi, juu ya nguvu ya kupatana, nauliza: nguvu hiyo ni mali ya nani? Viti vilivyo mezani ni kura zangu na zako. Dalali anayeuza ng'ombe wa mtu mwingine hana ruhusa ya kumficha mwenye ng'ombe mnunuzi ni nani, ati asije akaharibu bei.

Wala si kweli kwamba jambo hilo haliwezekani. Tazama Uingereza ya mwaka 2010. Wakati wa uchaguzi ule Nick Clegg, kiongozi wa chama cha tatu cha Liberal Democrats, aliwaambia watu waziwazi kwamba ikikosekana chama chenye wingi, chama kitakachopata kura nyingi na viti vingi ndicho chenye haki ya kujaribu kwanza kuunda serikali. Matokeo yakaja: Conservative ndio waliotangulia wenzao wote, lakini hawakufika viti 326 vya kushinda nusu ya 650, Liberal Democrats wakapata 57. Clegg akafanya kama alivyosema, akazungumza na waliotangulia, na serikali ya pamoja ikaundwa mwezi ule ule wa Mei. Aliyempigia kura alikuwa ameonywa. Hapo sina la kumlaumu.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Wagombea wa chama hicho hicho walikuwa wametia sahihi zao, kila mmoja kwa mkono wake, kwenye hati ya kuwaahidi wanafunzi kwamba wataipinga nyongeza yoyote ya ada za vyuo vikuu. Vijana kama ninyi, au walio wakubwa kidogo kuliko ninyi, wakawapigia kura kwa ajili ya karatasi hiyo. Tarehe 9 Desemba 2010 Bunge likapiga kura juu ya kupandisha mpaka wa ada kutoka zaidi kidogo ya paundi 3,000 mpaka paundi 9,000 kwa mwaka. Nyongeza ikapita kwa kura 323 dhidi ya 302. Wabunge 21 wa Liberal Democrats walishika ahadi yao na kuipinga. Wengine waliiunga mkono au hawakupiga kura. Nyongeza ilipita kwa tofauti ya kura 21 tu. Kwa hiyo wale waliogeuka ndio walioipitisha. Mwaka 2012 Clegg aliomba radhi hadharani kwa kutoa ahadi ile, na katika uchaguzi wa 2015 chama chake kilirudi bungeni na watu 8 badala ya 57.

Mfano huo una mafunzo mawili, na watu aghalabu huchukua moja na kuliacha la pili. Wako wanaosema kwamba chama kile kiliadhibiwa kwa kuungana na mwingine. Mimi sikubali. Kuungana kwenyewe kulitajwa mapema. Kilichouzwa bila ya ruhusa ni ahadi iliyokuwa na sahihi. Mpiga kura anaweza kumsamehe mshenga aliyerudi na mahari kubwa kidogo kuliko ilivyotazamiwa. Hamsamehi aliyeweka rehani nyumba ya wazazi wake.

Na sisi Kenya je? Tusijifanye kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 KANU kiliishinda KADU kwa kura na kwa viti, lakini kikakataa kuunda serikali maadamu Jomo Kenyatta yuko kizuizini. KADU cha Ronald Ngala, kwa msaada wa wajumbe wa vikundi vingine na wa kuteuliwa, kikaiunda. Aliyepata vichache alitawala. Lakini KANU angalau kilikuwa kimesema kabla ya kura kwamba hakitaingia bila ya Kenyatta. Mtu asingeweza kulalamika kwamba alishtukizwa.

Linganisha na mwaka 2022. Vyama vidogo vilivyoingia uchaguzini chini ya muungano mmoja, vikitumia jina lake na majukwaa yake, vilitangaza mara tu baada ya kura kwamba vinakwenda upande wa pili. Katiba yetu ya 2010 imeweka sheria ya mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni: hupoteza kiti. Walakini chama kikihama pamoja na watu wake wote, kila mbunge husema kwamba bado yumo chamani mwake, na kiti hakipotei. Oktoba 2022 Spika akatoa uamuzi juu ya upande upi ndio wenye wingi. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema kwamba uamuzi ule ulikuwa kinyume cha Katiba. Miaka miwili na nusu ilikuwa imekwisha pita kati ya kura na hukumu, yaani nusu ya maisha ya Bunge zima. Sheria yetu inataka mikataba ya miungano ipelekwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ni vyema. Lakini ni wananchi wangapi waliopata kuisoma mikataba hiyo kabla ya kusimama mlolongoni alfajiri? Nimewauliza watu wengi swali hilo, miongoni mwao walimu na mawakili, nami bado namtafuta wa kwanza.

Sasa utaniuliza: basi nipigeje kura? Nitakujibu kwa kadiri ya uwezo wangu, nawe upime.

Anza na jimbo lako, si na nchi nzima. Katika majimbo yetu ya Bunge hushinda mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu. Maneno ya redio kwamba chama fulani kinaongoza nchini hayakuambii lolote juu ya watu watano waliosimama katika jimbo lako. Kama wawili tu ndio wenye nguvu hapo, na mmoja wao huwezi kumvumilia, si aibu kumpa kura yule mwingine hata akiwa chaguo lako la pili. Hiyo ni busara, si woga, mradi wewe ndiye uliyeipima, si mtu wa matatu aliyekupimia. Na katika kumpima, tazama chama chake kimekuwa kikikaa na nani katika miaka iliyopita, maana ndimi husahau na viti vya zamani havisahau.

Katika kura ya Rais mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo lile neno la kupoteza kura linapofilisika. Katiba inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa mbele hurudi kwa wananchi mara ya pili. Kwa hiyo anayempigia kura mgombea wa tatu katika duru ya kwanza hajatupa kitu chake: amewazuia wawili wakubwa wasiivuke nusu bila ya kumtazama. Mwaka 2013 mshindi alipita kwa asilimia 50.07, na mwaka 2022 kwa asilimia 50.49. Wagombea wa nyuma, wanaochekwa kwa kura zao chache, walikuwa wamesimama pembeni mwa mlango wa duru ya pili, na mlango ulikuwa karibu kufunguka.

Ama rafiki zangu wanaosema kwamba, kwa kuwa wakubwa watapatana hata hivyo, wao watakaa nyumbani, hao siwaelewi. Wanakasirika kwamba hawakuulizwa, kisha wanalala wakati wa kuulizwa. Chumba cha mapatano hakina kiti cha mtu asiyepiga kura. Hesabu ya mle ndani huanza na kura zilizomo sandukuni, na yake haimo. Lakini sitawatukana. Mtu aliyehadaiwa mara tatu ana haki ya kuchoka, na lawama yake ya kwanza ni juu ya waliomhadaa.

Wewe unayesoma haya darasani pengine hujafika miaka kumi na minane. Uchaguzi mkuu wetu huja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, nawe utafika. Utapewa karatasi sita: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya mjumbe wa bunge la kaunti. Watakuja watu kukuambia kwamba zote sita lazima ziwe za rangi moja tangu juu hadi chini. Hakuna sheria ya namna hiyo. Mwite mgombea wako wa ubunge kabla ya siku hiyo, katika mkutano, mbele ya watu, wala si faraghani, umwulize: chama chako kikikosa wingi, hutakwenda na nani, na nini hutakiuza? Akijibu, yaandike maneno yake pamoja na tarehe. Akitabasamu na kusema kwamba wao watashinda peke yao, andika vile vile kwamba alitabasamu.